Gemu ya daladala haiishi, kozi ni milioni na laki mbili: niache kazi?

Shikamoo dada,

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi na wazazi wangu Kihonda, Morogoro. Nilimaliza diploma ya kompyuta miaka miwili iliyopita, na sasa nimeajiriwa kwenye kampuni ya watu sita inayotengeneza mifumo ya maduka ya dawa: mauzo, stoo, tarehe za dawa kuisha muda, basi. Mshahara ni shilingi 450,000. Bosi hana shida na hela haichelewi sana. Lakini kila asubuhi nikifungua kompyuta nikakutana na jedwali la dawa za malaria, nahisi maisha yananipita.

Ninachotaka ni kutengeneza gemu, na hili halijaanza jana. Nimekulia kwenye kibanda cha pleisteshen cha jirani yetu. Wenzangu wakigombania pedi, mimi nilikuwa nawaza waliotengeneza wamefanyaje mpaka nyavu zikatikisika vile mpira ukiingia. Nyumbani hawanielewi. Nikimwambia baba kwamba usiku naandika kodi, anauliza TRA wameniajiri lini. Kwake gemu ni za watoto na wahuni wa vibandani. Kila zikitangazwa ajira za serikali ananiletea tangazo mpaka kitandani, halafu anaondoka zake kwenda kijiweni kucheza bao hadi magharibi.

Mwaka jana mimi na marafiki wawili tulianza gemu ya daladala. Unaendesha Hiace kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, Mwenge, popote. Kuna konda, abiria wanaogoma kulipa, trafiki, foleni, mvua, Jangwani inajaa maji na barabara inafungwa. Tuna daftari zima la maelezo, ramani, orodha ya magari 30 ya kuchora, hata bei ya mafuta tumeshaipanga. Mmoja anachora, mimi ndiye programa, wa tatu ndiye mwenye wazo. Huu ni mwezi wa 14. Kilichopo ni gari moja la kijivu linalozunguka kwenye uwanja mtupu, na laptopu yangu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inanguruma kama mashine ya kusaga kila nikilifungua.

Sasa mwenye wazo amekutana mtandaoni na mtu anayefundisha gemu kwa wiki 8, shilingi 1,200,000 kwa kichwa, na ukimaliza anakuunganisha na kampuni za nje. Anataka tuache kazi wote, tukapange chumba Dar, tusome na tumalize gemu. Akiba yangu yote ni shilingi 1,500,000.

Kuna kitu kingine, ila ni cha kijinga. Nilipokwama na daladala, nilijifurahisha siku tano nikaandika kagemu ka JavaScript kanakofunguka kwenye kivinjari. Mtoto anatoka bombani na ndoo kichwani, anatakiwa kufika nyumbani. Ukikimbia maji yanamwagika, ukienda polepole giza linakukuta. Njiani kuna mbuzi na bodaboda. Ni kabaya, mtoto mwenyewe ni pembe nne tu na ndoo ni pembe nne nyingine. Kwenye simu mpya ya rafiki yangu kanakimbia mara mbili ya kwenye laptopu yangu. Halafu mdogo wangu wa darasa la sita kagundua kwamba ukitembea mshazari unawahi kufika na maji hayamwagiki zaidi. Sasa anakwenda zigizaga kama mlevi na anawashinda wote mtaani. Niliona aibu nikakaacha.

Dada, niache kazi? Nilipie kozi? Au nimeshachelewa, maana nasikia wenzetu huko wanaanza wakiwa na miaka 12?

Programa wa Kihonda

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kazi usiache, kozi usilipe, na hujachelewa. Hayo nimeyatanguliza ili tupate nafasi ya kuzungumza juu ya hicho ulichokiita cha kijinga.

Umesema mdogo wako "anawashinda wote mtaani". Hao wote ni akina nani? Kama kuna wa kushindwa, basi kuna watoto wamekaa foleni nyumbani kwenu wakisubiri zamu ya kubeba ndoo ya pembe nne. Mmoja wao ameicheza vya kutosha mpaka akagundua njia ya kuidanganya. Gari lenu la kijivu, kwa miezi 14, limechezwa na nani? Mtu akitafuta njia ya kukwepa sheria za gemu yako, ujue ameingia ndani yake. Mimi nimewahi kulipwa mshahara kwa gemu ambazo hakuna mtoto aliyejisumbua kuzidanganya.

Tuanze na hizo hitilafu mbili, maana ndizo darasa lenyewe, na kwenye ile kozi ya milioni na laki mbili usingelipata.

Ya kwanza, kasi. Nakisia una mstari unaosema: kila fremu, yaani kila kioo kinapochorwa upya, msogeze mtoto pikseli 4. Laptopu yako inachora kioo upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mtoto anakwenda pikseli 240 kwa sekunde. Simu mpya ya rafiki yako, ukiangalia kwenye mipangilio yake, kioo kinachora mara 120. Mstari ni uleule, lakini mtoto anakwenda pikseli 480. Umepima mwendo kwa fremu, na fremu ya kila mashine ina urefu wake, sawasawa na kumwambia fundi pima kwa hatua zako bila kuuliza fundi mwenyewe ni mrefu au mfupi. Sema hivi: mtoto anakwenda pikseli 240 kwa sekunde, kisha kila fremu zidisha 240 kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Kwenye laptopu muda huo ni 1/60 ya sekunde, unapata pikseli 4. Kwenye simu ni 1/120, unapata 2, lakini mara mbili zaidi. Wanafika nyumbani pamoja. Muda huo watu wa gemu wanauita delta, na kwenye JavaScript requestAnimationFrame inakuletea saa yenyewe bila kuombwa. Wewe kazi yako ni kutoa tu.

Mpe delta jua pia, na mbuzi, na bodaboda. Halafu weka kikomo. Rafiki yako akipigiwa simu katikati ya gemu akaongea dakika mbili, akirudi delta inasoma sekunde 120, na mtoto wako anaruka pikseli 28,800 kwa mkupuo, anapita nyumba, anapita Kihonda yote. Delta ikizidi sehemu moja ya kumi ya sekunde, ichukulie kuwa ni sehemu moja ya kumi. Mimi hili nilifundishwa na mteja aliyenipigia saa nne usiku akiuliza mchezaji wake amekwenda wapi.

Ya pili, mshazari. Ukibonyeza kulia unaongeza 4, ukibonyeza juu unaongeza 4, ukibonyeza vyote viwili unaongeza 4 na 4. Mchore mtoto kwenye karatasi uone: ni ile pembetatu mraba ya Pythagoras tuliyoilaani sekondari. Kumi na sita jumlisha kumi na sita ni 32, kipeuo chake cha pili ni 5.66 hivi. Mdogo wako anakwenda kwa kasi ya mara 1.41 bila kulipa. Na kama maji hayamwagiki zaidi, basi unayamwaga kwa kuangalia mwendo wa kushoto na kulia peke yake, ule wa juu na chini umeusahau. Dawa ni kuugawa mwelekeo kwa urefu wake kabla ya kuuzidisha kwa kasi, ili kila upande uwe na urefu wa 1. Ni mistari mitatu.

Ila kabla hujaiandika hiyo mistari mitatu, kaa kwanza. Hapa ndipo programa wa maduka ya dawa anapoachana na mtengeneza gemu. Kwenye duka la dawa, hitilafu ni hitilafu, irekebishe kabla mtu hajauziwa dozi mara mbili. Kwenye gemu unauliza: anayeitumia anafurahi nini? Mdogo wako amependa kuona ameshinda akili ya kaka yake. Ukiziba tu, umemnyang'anya kitu. Vipi ukirekebisha kasi, halafu ukafanya kila kona anayokata maji yatikisike kidogo na yatulie baada ya muda? Zigizaga bado inawezekana, ila ina gharama, na sasa itabidi afikirie akate kona ngapi kabla ya bodaboda kutokea. Jaribu hivyo na umwangalie usoni bila kumwambia umebadilisha nini. Atakavyokunja uso ndiyo ripoti yako.

Sasa daladala. Wazo ni zuri, ndiyo maana linakutesa. Mimi niliwahi kuwa na langu: gemu ya Vita vya Majimaji, kutoka Kilwa hadi Songea, majeshi, mashamba ya pamba, askari wa Kijerumani, kila kitu. Niliandika ramani miaka miwili. Ramani, mdogo wangu! Siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo na kuunguza diski, nililia usiku mmoja, na asubuhi nikajikuta nimefarijika. Hakukuwa na hata dakika moja ya kucheza ndani ya ile diski.

Tazama foleni peke yake. Kila gari lazima lione lililo mbele, lijue kufunga breki, liamue kuchomekea au kungoja, na likikosea moja foleni yote inaganda milele. Hiyo ni kazi ya miezi kwa programa mzoefu, na hamjagusa abiria. Unamjua Eric Barone? Huyu Mmarekani alimaliza shahada ya kompyuta, akakosa kazi, akaanza kagemu ka shamba ili ainoe C#, lugha ya kuandikia programu. Peke yake, michoro yake, muziki wake, ilimchukua zaidi ya miaka minne mpaka Stardew Valley ikatoka Februari 2016. Shamba na kijiji kidogo tu. Na muda huo alikuwa akifanya kibarua cha kuonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho Seattle, jioni na wikendi. Ninyi mnataka Dar nzima, kwenye RAM ya GB 4, na mmoja wenu kazi yake ni kuwa na wazo. Kwa umri, Barone alipoanza alikuwa rika lako, kwa hiyo habari ya kuchelewa tuifunge hapo.

Mkiipenda kweli daladala, acheni gari. Chukueni konda. Kioo kimoja cha simu, Hiace imejaa, mikono inatoa noti za elfu kumi na sarafu za mia tano, mmoja ameshalipa, mmoja anasema ameshalipa na hajalipa, mwanafunzi anataka nauli yake ya mwanafunzi, na kituo kinakaribia. Unarudisha chenji kabla hawajashuka. Gari wala halihitaji kutembea. Tikisa kioo kidogo na weka mlio wa injini. Mchoraji wenu atachora nyuso kumi badala ya magari 30. Mwenye wazo mpe kazi ya mikono: aende stendi ya Mbagala na simu, arekodi makonda wanavyoita, aandike maneno ya abiria. Akileta ndani ya wiki mbili, mna mwenzenu. Asipoleta, basi ni mshabiki, na washabiki tunawapenda ila hatuwakatii mgao.

Kuhusu hiyo kozi nitasema bila kuzunguka. Anayeweza kukuahidi ajira nje kwa wiki 8 hayupo, kwa sababu hiyo ajira si yake kuigawa. Nimekaa upande wa pili wa meza, nimechagua maprograma wa gemu kwa kampuni ya nje niliyokuwa nikiifanyia kazi nikiwa nyumbani. Tulikuwa tukifungua kiungo cha gemu kwanza. Ikichezeka, tunafungua programu yenyewe kuona mtu anavyoandika. Cheti nadhani nilifungua kimoja, kwa bahati mbaya. Mwombaji mwenye gemu tatu ndogo zilizokwisha, zenye ukurasa wa kuanza, sauti, na kitufe cha kurudia, alikuwa akimpita mwenye picha nzuri za gemu kubwa inayokuja.

Hiyo akiba itumie hivi. Ongeza RAM ifike GB 8 kama laptopu inakubali. Weka bando. Nyingine iache benki, imekaa vizuri.

Halafu pakua Godot. Ni injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, ya bure kabisa, iliyoanzishwa na Waargentina wawili na kuachiwa watu wote mwaka 2014. Huidai wala haikudai, hata ukiuza gemu milioni. Faili lake ni dogo kuliko filamu moja, na lugha yake, GDScript, inafanana sana na Python, kwa hiyo kama umeipitia chuoni wiki mbili zinatosha kuizoea. Ukianzisha mradi itakuuliza aina ya uchoraji: chagua Compatibility, ndiyo inayozihurumia mashine kama yako. Nadhani gari la kijivu mlilitengeneza kwenye injini ya wakubwa, ndiyo maana ya huo mngurumo. Siwasemi vibaya. Unity imesomesha maprograma wengi, na Unreal haikudai asilimia 5 yake mpaka gemu iingize zaidi ya dola milioni moja, tatizo ambalo ningefurahi uwe nalo. Lakini Septemba 2023 Unity walitangaza kutoza watengenezaji kila gemu inapowekwa kwenye kifaa, watu wakachachamaa, na mwaka mmoja baadaye wakaifuta tozo hiyo. Waliokuwa na gemu nusu walikaa mwaka mzima roho juu. Kwa mtu anayeanza bila hela, kitu kisicho na mwenye nyumba kina raha yake.

Michoro isikuchelewesheni. Kuna Mholanzi anaitwa Kenney, tovuti yake ina maelfu ya picha na sauti za gemu ambazo unaruhusiwa kuzitumia hata kibiashara bila kulipa wala kumtaja. Ndoo yako iingie kwanza kwenye itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, ni bure na gemu ya kivinjari inachezeka palepale. Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Ukifungua akaunti binafsi mpya, watakutaka uwe na watu 12 wa kuijaribu gemu siku 14 mfululizo kabla hawajakuruhusu kuitoa kwa umma, kwa hiyo anza mapema kuwabembeleza wafanyakazi wenzako na shemeji zako. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, na wanairudisha gemu ikishaingiza dola 1,000. Huko usiende mwaka huu.

Sitakudanganya kuhusu ajira. Zipo studio barani, Leti Arts ya Accra na Nairobi ipo tangu 2009, Kiro'o Games ya Yaoundé walitoa Aurion mwaka 2016, lakini ukizijumlisha zote haziajiri kama mabenki yanavyoajiri. Wengi ninaowafahamu hapa nyumbani wanaoishi kwa gemu wanatengeneza za watu: gemu ya kufundisha watoto hesabu, gemu ya tangazo la sabuni, vipande vya gemu za nje kwa mkataba wa miezi mitatu. Ndiyo maana ya mshahara wako wa 450,000. Huo ndio mwekezaji wako, na hadai hisa.

Na hilo jedwali la dawa usilidharau. Stoo ya dawa na mfuko wa mchezaji ni kitu kimoja: vitu, idadi, ukomo, kuingia na kutoka. Kuhifadhi gemu ili umeme ukikatika mchezaji asirudi mwanzo ni kazi ileile ya kuhifadhi mauzo. Vijana wengi wanaokuja na michoro ya kung'aa hawajui kuandika faili lisiloharibika, wewe unalipwa kila mwezi kujifunza hilo. Usiku mara tatu kwa wiki, saa mbili hadi saa nne, inatosha. Jumamosi ulale.

Ukijisikia mnyonge kwa sababu ya laptopu, mkumbuke Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na ili kuichaji alitembea mwendo wa saa tatu. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam. Wenzake kambini waliipata kwa kurushiana kwenye simu. Na wewe, umesema rafiki yako ana simu mpya, basi mrushie.

Baba. Usibishane naye kuhusu gemu, hutashinda, na si adabu. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba anakwenda kijiweni kucheza bao hadi magharibi, na ukapita kama hukuandika kitu. Mzee wako ni mcheza gemu, mdogo wangu, tena ya zamani na ngumu kuliko zote za kibandani. Ukimaliza ndoo, ifanye bao iwe ya pili. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na 6 kwenye shimo liitwalo nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, 22 mkononi. Kuhifadhi hivyo kwenye kompyuta ni safu ya namba 32 na namba mbili za kete za mkononi, mchana mmoja. Kinachotesa ni sheria: lini unanamua, lini unatakasa, nyumba inalala lini, ukila unaingilia kichwa gani. Vitabuni utapata nusu. Nenda kwa baba na daftari, umwambie umepewa kazi ya kuandika sheria za bao na umekwama. Usitaje neno gemu. Wachezaji wawili kwenye simu moja, hakuna haja ya kompyuta kucheza. Siku itakapoanza kufanya kazi, mpe aishike, akosoe. Atakosoa sana. Andika yote.

Mwishoni mwa Januari kila mwaka kuna Global Game Jam, watu duniani kote wanatengeneza gemu, kwa kawaida ndani ya saa 48; tazama kama kuna kundi la mtandaoni unaloweza kujiunga nalo ukiwa hapo hapo Kihonda. Ingia na mchoraji wako. Gemu ya konda inatosha ndani ya huo muda ikiwa hamtaongeza trafiki.

Nimebakisha jambo moja la ndoo. Mimi nimechota maji sana utotoni, na katika gemu yako sijaona kitu ambacho kila mtoto wa bombani anakijua. Ukishajaza ndoo, unaweka kisahani cha plastiki au majani juu ya maji yaelee, na maji hayaruki unapotembea. Ndoo bila kisahani ilikuwa inanilowesha mgongo mpaka nyumbani. Kiweke kisahani mahali fulani njiani, mbali kidogo na njia fupi, karibu na yule mbuzi. Ukishairekebisha delta nitumie kiungo. Simu ya mwanangu ni ya 120.